Mchumba wa binti yangu hulala kwake Hull mwisho wa wiki: watamkatia msaada na kumtoa nyumbani?

Mama wa Nyawera, Bukavu

Jambo wandugu. Mimi niko Bukavu lakini jambo lenyewe liko Hull, Uingereza, kwa binti yangu mkubwa. Wenye kuzijua sheria za kule naomba mnijibu waziwazi, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi silali.

Binti yangu alichukuliwa kutoka kambini Uganda pamoja na watoto wake wawili, baba yao alishafariki. Manispaa ilimpa nyumba ya vyumba viwili vya kulala, na mkataba uko kwa jina lake peke yake. Saa za asubuhi anahudumia wazee majumbani, mshahara unafika kama pauni 600 kwa mwezi, na serikali inamjazia kwa ile wanayoiita Universal Credit, ambayo ndani yake mna pesa ya kodi ya nyumba. Kodi ya manispaa nayo wanampunguzia robo kwa sababu ni mtu mzima peke yake mle ndani.

Sasa amepata mchumba, kijana wa Uvira, mpiga gitaa wa kwaya. Yeye anakaa Leeds, amepanga chumba katika nyumba ya vijana wanne, na kazi yake ni ya bohari. Ijumaa jioni anapanda treni hadi Hull, Jumapili baada ya ibada anarudi kwake. Mimi kama mama sikupenda alale pale kabla ya ndoa, na nilisema. Lakini ni watu wazima, na kijana ana heshima: akifika anawanyoa watoto nywele, anawaelekeza hesabu za shule, na kila Jumamosi ananipigia kunisalimia. Wajomba zake walishakuja hapa kwetu, tukakaa, tukataja ng'ombe. Dote, yaani mahari, tumepanga iwe Desemba.

Juzi binti amenipigia analia. Amepata barua ya DWP, ile wizara inayotoa Universal Credit, wanataka kuongea naye kuhusu watu wanaoishi nyumbani kwake. Rafiki yake wa kanisani amemwambia sheria ni usiku tatu: mwanaume akizidisha usiku wa tatu ndani ya wiki, pesa inakatwa na manispaa inachukua nyumba. Mwingine kamshauri afute picha zote na aseme hamjui huyo kijana. Na shemeji yangu hapa Kadutu ameapa kwamba tusiguse ng'ombe hata mmoja, maana tukishapokea, serikali ya kule itasema huyo ni mume tayari.

Pesa ya binti huyu ndiyo inayosomesha mdogo wake hapa. Tangu benki zifungwe mwaka 2025 tunavuka mpaka hadi Kamembe, Rwanda, kuichukua, na bado inafika. Lakini kinachoniumiza ni wale wajukuu wawili: walilala chini ya hema, leo wana mlango wao wenye ufunguo. Je, usiku tatu ni kweli? Na dote tuisogeze?

Kijana wa Bagira

Mama, hata mimi nimesikia hiyo ya usiku tatu. Binamu yangu yuko Birmingham, mchumba wake analala usiku mbili tu halafu anaondoka. Mwambie kijana apumzike kwanza kwenda Hull mpaka barua hiyo ipite. Ng'ombe wanaweza kungoja, nyumba haingoji.

Yaya wa Panzi

Mama, pole sana, na aksanti kwa kueleza yote. Mimi ni mtoto wa Panzi, niko kaskazini ya Uingereza, na kazi yangu ni kuwatafsiria Wakongo wenzetu wanapokwenda kwa washauri wa misaada na nyumba. Jambo la binti yako naliona mara kwa mara, na mara nyingi kinachowaharibia watu ni ushauri kama ule wa kufuta picha.

Nianze na usiku tatu. Sheria hiyo haipo. Hakuna mahali palipoandikwa usiku tatu, wala mbili, wala tano. Kuna mtu anaweza kulala kwa mpenzi wake usiku nne kwa wiki na bado wakahesabiwa kuwa watu wawili wenye nyumba mbili. Mwingine analala usiku mbili tu kwa sababu siku nyingine yuko barabarani na lori, lakini nguo zake, barua zake, watoto wake na sahani yake viko pale: huyo anaishi pale. Ndugu yangu wa Bagira, binamu yako anahesabu usiku ambao hakuna anayemhesabia, na huenda hayo mengine yanayohesabiwa hayaangalii.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2012, Welfare Reform Act, kifungu cha 39. Inasema wawili ni wanandoa kwa mambo ya Universal Credit wakiwa wamefunga ndoa *na wako katika kaya moja*, au hawajafunga ndoa lakini wanaishi pamoja kama watu waliooana. Angalia vizuri, Mama: pande zote mbili mna kuishi pamoja. Waliooana kabisa kanisani lakini kila mmoja ana makazi yake ya kweli si kaya moja. Kwa hiyo ng'ombe peke yao hawamfanyi kijana kuwa mkazi wa Hull. Shemeji yako anaogopa kitu ambacho sheria haikukitaja.

Wanachoangalia ni picha nzima. Mahakama zao zilishaweka alama tangu zamani, katika kesi ya Crake, na maofisa wanazifuata hadi leo: je, wako katika kaya moja? Uhusiano umetulia? Pesa zao zinachanganyika, nani analipia chakula, umeme, kodi? Kuna uhusiano wa kimwili? Kuna watoto wanaowalea pamoja? Na mbele za watu wanajitambulisha vipi? Hakuna alama moja inayotosha yenyewe. Dote itaingia kwenye ile ya mwisho, kwamba watu wanawajua kama wachumba, na hilo si kosa wala si siri. Uchumba si kaya.

Sasa upande wa kijana. Mtu mmoja hawezi kuwa katika kaya mbili kwa wakati mmoja, hilo nalo limeamuliwa zamani. Ana chumba Leeds anachokilipia, ana kazi Leeds, bila shaka ana daktari Leeds. Huo ni ushahidi mzito. Akusanye mkataba wa chumba chake, karatasi za benki zinazoonyesha kodi inatoka kila mwezi na kwamba ananunua chakula Leeds siku za kazi, barua ya daktari, tiketi za treni za Ijumaa na Jumapili. Tiketi hizo zinasema peke yake: huyu anakuja na anaondoka.

Na anayesema hali ya binti imebadilika ni DWP, kwa hiyo mzigo wa kuonyesha hivyo uko kwao kwanza. Asiende akiwa kama mtu aliyeshikwa akiiba. Ajibu barua ndani ya muda waliompa, aombe mtafsiri wa Kiswahili na aseme kabisa cha Kongo, ni bure na ni haki yake. Aulizwe, aseme ukweli wote: nina mchumba, jina lake ni hili, anakaa Leeds, anakuja Ijumaa anarudi Jumapili, tunapanga ndoa. Asikane kwamba anamjua. Wana uwezo wa kuangalia benki, kumbukumbu za mikopo, hata Facebook ya watu wa kwaya. Mama mmoja niliyemtafsiria alikuwa na kesi safi kabisa, lakini alikana mchumba wake dakika ya kwanza, na kuanzia hapo afisa hakuamini tena neno lolote lililofuata. Nilikuwa nimeketi katikati yao nikiona uso wa afisa unavyofungwa.

Kitu kimoja cha kuangalia ndani ya barua: kuna mazungumzo ya kawaida ya kukagua, na kuna mahojiano ambayo wanakuonya kwanza kwamba maneno yako yanaweza kupelekwa mahakamani. Ikiwa ni haya ya pili, asifungue mdomo bila avokato, yaani wakili. Citizens Advice, shirika la kushauri raia, watamsomea barua bure na kumwambia ni ipi.

Kijana asiache kwenda Hull kwa sababu ya barua. Akiacha ghafla wiki barua ilipofika, itaonekana kuna kitu kilifichwa.

Papa wa Muhungu

Niongeze upande wa nyumba, maana Mama ameuliza mambo mawili na watu huyachanganya. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye shirika la nyumba huko Sheffield kabla ya kurudi hapa Bukavu.

Kwa mpangaji wa manispaa, mgeni kulala si kosa. Nyumba ni yake, anapokea amtakaye, mradi mgeni hasumbui majirani na binti mwenyewe anaendelea kuishi pale. Wanaofungwa na idadi ya siku za wageni mara nyingi ni wapangaji wa watu binafsi, kwa sababu baadhi ya wenye nyumba huandika kwenye mkataba kwamba mgeni asizidi siku fulani. Huenda kule ndiko hizo usiku tatu zilikotoka. Asome mkataba wake, lakini sitarajii kuikuta humo.

Hapa kwetu mwenye parseli, yaani kiwanja, anauliza mtalala wangapi kwa sababu ya maji ya Regideso na bili ya umeme ya SNEL, mnaigawa kwa vichwa, na mgeni akikaa wiki mbili majirani wanaanza kunong'ona. Kule kila nyumba ina mita yake, manispaa haina hasara mgeni akioga. Wanachokichunga ni mambo mawili: mpangaji asiikodishe nyumba kwa mtu mwingine kisiri, na asiiache ikawa tupu. Kwa hiyo hatari ya nyumba iko upande ambao hamkuutazama. Binti akianza yeye kulala Leeds wiki nzima na nyumba ya Hull ikabaki ya kuhifadhia masanduku, hapo manispaa inaweza kusema si makazi yake makuu tena, na hapo ndipo mtu anapoipoteza. Sheria ya 2013 imefanya kukodisha nyumba ya manispaa kwa ujanja kuwa kosa la jinai kabisa.

Siku wakifunga ndoa na kijana akahamia, amwambie pia mwenye nyumba, yaani manispaa. Hawatamfukuza. Wanandoa wanahesabiwa chumba kimoja, na watoto wawili wa chini ya miaka 10 wanahesabiwa chumba kimoja hata kama ni wa kiume na wa kike, kwa hiyo vyumba viwili vinatosha kwa hesabu yao.

Ila mtu asimharakishe kuweka jina la kijana kwenye mkataba. Nasema hivi kama baba. Mkataba ukiwa wa wawili na ni wa mwezi kwa mwezi au wiki kwa wiki, mmoja wao akitoa notisi peke yake, mkataba wote unakufa kwa wote wawili. Mahakama yao ya juu iliamua hivyo mwaka 1991, na nimeona mama akipoteza nyumba kwa karatasi aliyoiandika mumewe akiwa na hasira. Wakishafunga ndoa, kijana atakuwa na haki ya kuishi pale bila jina lake kuwa kwenye mkataba, sheria ya familia ya 1996 inamlinda. Hakuna haraka.

Mama wa Nyawera, Bukavu

Mungu awabariki. Nimemsomea binti yote kwa simu, na ya picha amesema hakufuta hata moja, namshukuru Mungu.

Lakini Yaya, kuna mambo mawili aliyoniambia leo ambayo sikuyajua nilipoandika. La kwanza, barua za benki za kijana zinafika Hull. Kule Leeds kisanduku cha barua ni kimoja kwa vijana wote, na kadi yake moja iliwahi kupotea, ndipo akatoa anwani ya binti. La pili, kijana huwa anaweka pesa kwenye mita ya umeme ya binti akiwa pale, pauni 10 au 15, anasema hawezi kuoga maji ya moto ya bure. Hayo yanaharibu?

Na mnisaidie kuelewa: tukifunga ndoa hiyo, binti atabaki na nini? Kijana analeta nyumbani kama pauni 1,700 kwa mwezi, na ana akiba ya kama pauni 7,000 aliyoiweka kwa ajili ya dote na harusi.

Yaya wa Panzi

Mama, barua za benki ndizo zilizoleta ukaguzi, nina hakika karibu kabisa. Kompyuta zao zinalinganisha anwani. Zinamwona mwanaume mwenye akaunti katika nyumba ambayo mpangaji amesema yuko peke yake. Siyo mwisho wa dunia, lakini lazima lielezwe kabla hawajaliuliza. Kijana abadilishe anwani ya benki leo hii irudi Leeds, au aombe benki imtumie kila kitu kwenye simu, na aandike barua fupi yenye tarehe akieleza kadi ilivyopotea. Kama aliripoti benki kadi ile, benki ina kumbukumbu, aiombe. Na aangalie kama anwani ya Hull haikuingia pia kwenye mshahara, leseni ya udereva au orodha ya wapiga kura.

Pauni 10 za umeme siyo kitu. Mgeni anachangia anachotumia. Kingekuwa kitu kama angelipa nusu ya kodi kila mwezi. Binti aseme tu kama ilivyo.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo maana watu wanaogopa gizani. Nachukua viwango vilivyoanza Aprili 2025. Viwango hupanda kila Aprili, kwa hiyo mshauri arudie hesabu hii mwaka watakaofunga ndoa. Mtu mmoja wa miaka 25 na zaidi anahesabiwa pauni 400.14 kwa mwezi kama msingi. Wawili pamoja wanahesabiwa 628.10. Kwa hiyo msingi unapanda karibu pauni 228. Pesa za watoto na za kodi ya nyumba zinabaki zilivyo. Lakini mshahara wa kijana unaingia: kila pauni anayopata inapunguza msaada kwa senti 55. Ile sehemu ya mshahara wanayoiacha bila kuigusa, pauni 411 kwa familia yenye watoto na inayosaidiwa kodi, ni moja tu kwa kaya nzima, na binti tayari anaitumia kwa mshahara wake. Basi 1,700 mara 0.55 ni 935. Toa zile 228 zilizoongezeka, msaada utashuka kama pauni 707 kwa mwezi. Na ile robo ya kodi ya manispaa itaondoka, kwa kuwa sasa ni watu wazima wawili.

Inauma ukiisoma hivyo. Lakini kijana hatalipa tena chumba cha Leeds, na pauni 1,700 zinaingia mlango mmoja. Nyumba itakuwa na pesa zaidi kuliko binti alizonazo leo peke yake. Tatizo kubwa ninaloliona ni kazi: kama bohari liko Leeds na yeye akahamia Hull, nauli ya kila siku itakula sana. Wazungumze hilo kabla ya kuzungumza ng'ombe, kwa kweli.

Akiba: kwa dai la wawili, zinajumlishwa akiba za wote. Chini ya 6,000 hawagusi. Kuanzia hapo kila pauni 250 inapunguza pauni 4.35 kwa mwezi, na ikifika zaidi ya 16,000 msaada wote unakatika. Pauni 7,000 zingepunguza 17.40 tu. Zikishatumika kwa dote na harusi hazipo tena, lakini wataulizwa zilikwenda wapi. Kwa hiyo, Mama, hii ni kazi yenu nyinyi wa Bukavu: siku ya kupokea, andikeni karatasi. Tarehe, ng'ombe wangapi, pesa kiasi gani, majina ya wajomba wa pande mbili, sahihi zao. Wengi wetu huandika tayari kwa ajili ya familia. Mtumie binti picha yake aihifadhi pamoja na risiti za kutuma pesa.

Binti akichelewa kuwaambia DWP kwamba wameanza kuishi pamoja, watamdai kila pauni aliyozidishiwa, na juu yake faini ya pauni 50 kwa uzembe. Wakiona ni kusudi, adhabu inaweza kuwa kati ya pauni 350 na 5,000, au kesi mahakamani. Na kumwambia DWP si kumwambia manispaa. Ile robo ya kodi ya manispaa iko ofisi nyingine, aandikie huko pia siku hiyohiyo.

Mama wa Nyawera, Bukavu

Nimeelewa. Dote inabaki Desemba, nimeshamwambia shemeji. Binti amepata nafasi kwa Citizens Advice Jumanne na kijana ameomba ruhusa kazini aende naye, akiwa na mkataba wake wa Leeds na karatasi za benki.

Swali moja la mwisho. Wakiamua wasipewe haki, yaani DWP waseme walikuwa bibi na bwana tangu zamani, je, yameisha?

Yaya wa Panzi

Hapana, Mama. Ana mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuwaomba waupitie upya, kwa maandishi, na akieleza zile alama za kaya, moja baada ya nyingine. Wakikataa, ana mwezi mwingine kwenda kwenye mahakama ya rufaa za misaada, ambayo haitozi kitu. Pale hakimu ni huru, si mtu wa DWP, na anaweza kumsikiliza binti na kijana wenyewe wakieleza Jumatatu hadi Alhamisi zao zikoje. Aende mwenyewe, asitume karatasi tu.

Na kuhusu siku ya kuhamia: Universal Credit inahesabiwa kwa kipindi cha mwezi kinachoanza tarehe ileile kila mwezi. Mabadiliko yakitokea katikati, yanahesabiwa kuanzia mwanzo wa kipindi kile. Kijana akihamia siku mbili kabla kipindi hakijaisha, mshahara wake wa mwezi mzima utaingia kwenye hesabu ya mwezi ambao alikuwa bado analipa kodi Leeds. Binti aangalie tarehe yake kwenye akaunti yake ya intaneti, na kijana alete sanduku lake siku ya kwanza ya kipindi kipya.